Simba Anajikuna

Mbwa akiwashwa hana wa kumwambia. Mtoto akila kitu kikamvimbisha midomo, atalia, ataonyesha kidole, na mama atajua pa kuanzia. Mbwa yeye atajikuna tu. Atajikuna alfajiri, atajikuna usiku wa manane, atalamba miguu hadi manyoya yabadilike rangi, na watu watampita wakisema, "Huyu naye, kazi yake kujikuna."

Leo nawasimulia habari za mbwa wa namna hiyo. Jina lake Simba. Yeye na watu wa nyumbani kwao nimewatunga mwenyewe, lakini yaliyompata huwapata mbwa wa kweli kila siku, na njia waliyopita ndiyo wanayoifuata madaktari wa mifugo kokote waliko.

Simba anaishi Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, katika nyumba iliyozungukwa na migomba na kahawa, yenye zizi la ng'ombe wawili nyuma. Ana miaka mitatu. Sikio moja limesimama, jingine limelala. Anayemlisha ni Neema, msichana wa miaka 12. Anayecheza naye ni Baraka, mdogo wake Neema, yuko darasa la pili. Na anayempenda kwa siri ni babu yao. Hilo la babu mliweke akilini, litatusumbua mbele ya safari.

Chakula cha Simba hakikuwa na makuu. Asubuhi ukoko wa ugali uliomwagiwa maziwa. Jioni ugali kwa dagaa, au ugali uliochanganywa na mchuzi wa nyama uliobaki sufuriani. Jumamosi, babu akitoka buchani, mfupa wa ng'ombe. Simba alikula hivyo tangu alipoacha kunyonya, na bakuli alilirudisha likiwa limelambwa hadi linang'aa.

Kisha akaanza kujikuna, na miezi ikapita bila kuacha. Mvua zikaja, kiangazi kikaja, yeye yuko pale pale.

Jioni moja Neema alimshika mguu wa mbele akautazama kwa makini. Katikati ya vidole, manyoya yaliyokuwa meupe yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu. Mate ya mbwa yana kitu chenye rangi, na akilamba mahali pamoja siku nyingi, manyoya hushika doa. Akavipanua vidole: ngozi nyekundu, yenye unyevu. Akaliinua lile sikio lililolala: lilikuwa la moto, lina nta ya kahawia, na lilitoa harufu ya uchachu. Kwapani manyoya yalikuwa yamepungua. Neema akakumbuka na jambo jingine, ambalo watu huona aibu kulisema: Simba alikuwa anakwenda haja mara nne au tano kwa siku, na mara nyingi choo chake kilikuwa laini.

Kila mtu akawa na lake la kusema. Mama alisema, "Ni huo ugali. Mbwa ni mnyama wa nyama, mnamlisha mahindi!" Jirani akashauri, "Mpakeni oili chafu ya gari, upele utakwisha." Wapendwa, hilo la oili mkilisikia popote, kataeni. Oili chafu huunguza ngozi, na mbwa akijilamba anaimeza sumu yote. Baba hakubishana na mtu. Daktari wa mifugo alikuwa aje kuwaangalia ng'ombe Alhamisi, basi akaombwa amtazame na mbwa.

Kitambaa cheupe

Daktari alikuja, ng'ombe wakaisha, akanawa mikono. "Shikamoo daktari," Neema akamwamkia. "Marahaba binti. Mgonjwa yuko wapi?"

Hakuuliza habari za chakula kwanza. Alitandika kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji, akachana manyoya ya Simba karibu na mkia kwa kitana chenye meno ya karibukaribu. Vipunje vyeusi vikaanguka kitambaani. Vingine vilibaki vyeusi, hivyo ni vumbi. Vichache vikayeyuka na kuacha duara dogo jekundu.

"Mnaona wekundu huo? Ni kinyesi cha viroboto. Kiroboto hunywa damu, na anachokitoa ni damu iliyomeng'enywa. Vumbi la kawaida haligeuki jekundu."

Baraka akaondoa mkono wake mgongoni kwa Simba haraka sana.

Daktari akakwangua ngozi kidogo kwa wembe butu uliopakwa mafuta, akaweka alichopata kwenye kioo ili akitazame kwa hadubini, kama kuna vijidudu vya upele. Akachukua na nta ya sikioni. Majibu yaliporudi, upele haukuwapo, lakini sikioni kulikuwa na fangasi na bakteria. Akaandika dawa ya sikio na dawa ya viroboto, akaagiza pale Simba anapolala pasafishwe, na matandiko yake yafuliwe kwa maji ya moto.

Neema akamuuliza kwa nini hakuanza na chakula. Daktari akamweleza kwamba mbwa wengi wanaojikuna hawana tatizo la chakula hata kidogo. Wengi ni viroboto, au vumbi na chavua ya mimea. Ukianza na bakuli wakati viroboto wamejaa mgongoni, hutajua kamwe kilichomponya ni nini.

Mwezi ukapita. Mgongo, karibu na mkia, ukatulia, maana hapo ndipo viroboto hupenda kusumbua. Lakini miguu, kwapa na masikio vikarudi vile vile, na choo kikabaki laini. Sasa ndipo daktari akasema, "Tulitazame bakuli."

Mlinzi aliyekosea mtu

Ndani ya mwili wa Simba, sawa na ndani ya mwili wako, kuna mfumo wa kinga. Uchukulie kuwa ni mlinzi wa getini. Kazi yake ni kujua nani mwenyeji, nani mgeni na nani mwizi. Vijidudu vya maradhi vikija, anavipiga mbio. Chakula kikija, anakiachia kipite, kwa kuwa ni mgeni mwema.

Ila walinzi nao hukosea. Siku moja anaitazama protini ya nyama ya ng'ombe, akaamua kuwa huyu ni mwizi. Anaandika sura yake daftarini. Tangu hapo protini hiyo ikipita, hata ikiwa kidogo, anapiga king'ora, na mwili mzima unaitikia: ngozi inawasha, masikio yanakuwa mekundu, na kwa mbwa wengine tumbo linachafuka. Huo ndio mzio wa chakula.

Sasa fikirini kidogo. Mlinzi hawezi kuandika sura ya mtu ambaye hajawahi kumwona. Ndiyo maana chakula kinacholeta mzio ni kile ambacho mbwa amekwisha kukila, mara nyingi kwa miezi au hata miaka. Neema alibisha, "Lakini daktari, nyama amekula tangu mdogo na hakuwashwa!"

"Ndiyo hasa, binti. Ndiyo maana watu hawaishuku."

Elimu hii ya mwili kukumbuka ilipatikana kwa mbwa, na iliwagharimu uhai. Mwaka 1901 wanasayansi wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri katika meli ya Albert I, mtawala wa Monaco, wakichunguza sumu ya viumbe wa baharini wanaochoma. Waliporudi Paris waliendelea na kazi hiyo kwa mbwa. Mmoja wao, mkubwa na mwenye afya njema, aliitwa Neptune. Walimdunga sumu kidogo, akaivumilia. Zilipopita kama wiki tatu, akiwa mzima kabisa, wakamdunga tena kiasi kile kile kidogo. Safari hii akaanguka mara moja, na katika dakika 25 akafa. Richet na Portier walikuwa wametarajia kinyume chake, kwamba mwili ungekuwa umeizoea sumu. Mwaka 1902 walitangaza walichokiona, na mwaka 1913 Richet akapewa Tuzo ya Nobel. Ile ilikuwa sumu ya sindano, si chakula cha bakulini, lakini kwa kifo cha Neptune watu walijua kwamba kinga ya mwili inaweza kumgeukia mwenyewe, na kwamba inahitaji kukutana na kitu mara ya kwanza ndipo ikikasirikie mara nyingine.

Ugali ulisingiziwa

Mama bado alikuwa na neno lake. "Kwa hiyo ni ugali?"

Daktari akatabasamu. Mwaka 2016 wataalamu wa ngozi za wanyama, Ralf Mueller, Thierry Olivry na Pascal Prélaud, walikusanya kumbukumbu za mbwa 297 waliokuwa wamethibitishwa kuwa na mzio wa chakula. Nyama ya ng'ombe ilikuwa na lawama kwa asilimia 34 ya mbwa hao. Ikafuata maziwa na vitokanavyo nayo, asilimia 17, kuku asilimia 15, na ngano asilimia 13. Kondoo alikuwa asilimia 5. Mahindi yalikuwa asilimia 4 tu, na mchele asilimia 2.

Hiyo haina maana kwamba nyama ya ng'ombe ni chakula kibaya. Mbwa wengi huila sana, kwa hiyo walinzi wengi wamepata nafasi ya kuikosea. Mbwa wa pwani aliyekulia kwenye samaki anaweza kuwa na mzio wa samaki. Hakuna orodha inayoweza kukuambia kuhusu mbwa wako, na ndiyo maana Simba ilibidi apimwe yeye mwenyewe.

"Basi si apimwe damu?" baba akauliza. Wapo wanaouza vipimo vya damu, vya mate, hata vya manyoya, lakini kwa mzio wa chakula cha mbwa haviaminiki. Mwaka 2019 lilichapishwa jaribio la kuchekesha: watafiti walipeleka kwenye kampuni ya vipimo manyoya na mate ya mbwa wazima, ya mbwa wenye mzio, na pamoja na hayo manyoya ya bandia na maji ya chumvi yasiyotoka kwa mbwa yeyote. Majibu yakarudi bila tofauti ya kueleweka. Hata manyoya ya bandia yalionekana yana mzio!

Kipimo kinachoaminika ni cha zamani na hakina mashine. Unamlisha mbwa chakula ambacho mlinzi wake hajawahi kukiona, hicho na maji tu, kwa wiki nane. Wataalamu wale wale watatu walionyesha mwaka 2015 kwamba ukifika wiki ya 5, zaidi ya mbwa 8 kati ya 10 wenye mzio wa chakula wanakuwa wametulia. Ukifika wiki ya 8, ni zaidi ya 9 kati ya 10. Ukikata tamaa wiki ya 3, utasema "si chakula" kumbe ndicho.

Sungura na viazi vitamu

Daktari akampa Neema kalamu. "Andika kila kitu ambacho Simba amewahi kula. Kila kitu."

Orodha ikawa ndefu kuliko walivyotarajia. Ng'ombe. Maziwa. Dagaa. Mahindi. Mbuzi, siku za sherehe. Kuku, vichwa na miguu. Kitimoto, siku ile shangazi alipokuja. Mkate, kutoka mkononi mwa Baraka. Mayai, kwa wizi.

"Sungura je?" Hapana. "Viazi vitamu?" Hapana, viazi huliwa vyote na watu.

Basi ikawa sungura na viazi vitamu. Jirani wa mtaa wa pili alikuwa na banda la sungura wa kuuza, na Baraka alitaka kwanza ahakikishiwe kwamba si wale wa rafiki yake. Nyama ilichemshwa ikatolewa mifupa, viazi vikachemshwa vikapondwa. Hakuna chumvi, hakuna mafuta ya kukaangia, na hakuna kitunguu hata kipande, kwa sababu kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kwa siku chache za mwanzo walichanganya chakula kipya na cha zamani, kipya kikiongezwa kila siku. Tumbo la mbwa halipendi kushtukizwa. Siku ambayo cha zamani kilikwisha kabisa ndipo wiki nane zilipoanza kuhesabiwa.

Mijini wapo wanaotumia njia nyingine: chakula cha dukani ambacho protini zake zimevunjwavunjwa viwandani vipande vidogo mno, hata mlinzi haioni sura yoyote ya kuifananisha na daftari lake. Kinafanya kazi vizuri, ila bei yake si ya mchezo.

Daktari aliwaonya jambo moja. Nyama na viazi peke yake si chakula kamili. Mbwa mzima anaweza kwenda nacho kwa wiki hizo, daktari akimwangalia na kumwongezea madini. Mtoto wa mbwa hawezi. Mifupa yake inakua na inadai kalsiamu, kwa hiyo jaribio lake hupangwa na daktari tangu siku ya kwanza.

Neema akachora jedwali kwenye daftari. Kila jioni alimpa Simba alama ya kujikuna: 0 kama hajikuni kabisa, 10 kama hata akiwa anacheza anaacha ili ajikune. Akaandika pia idadi ya choo. Siku ya kwanza aliandika 8.

Kipande kidogo tu

Wiki ya kwanza, 8. Wiki ya pili, 6. Neema akaanza kutembea kifua mbele. Katikati ya wiki ya tatu, ghafla, 8 tena.

Akachunguza. Bakuli lilikuwa safi. Banda la ng'ombe lilikuwa limefungwa, hakuna maziwa ya kulamba. Baraka aliapa kwa jina la mwalimu wake kwamba hajadondosha kitu. Dawa ya minyoo? Daktari alikwisha kuwaambia wasitumie ile ya kutafuna yenye ladha ya nyama. Akabaki mtu mmoja.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Babu, Simba umempa nini?"

Babu akatazama migomba. "Kipande kidogo tu. Cha supu. Alikuwa ananiangalia kwa huruma."

Neema hakumgombeza, kwa kuwa mtu hamgombezi babu yake. Alimletea daftari. Akamwonyesha mstari unavyoshuka, 8, 7, 6, kisha unavyopanda siku mbili baada ya supu. Babu alivaa miwani, akasoma kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe nilikuwa namdhuru." Tangu siku hiyo akawa mlinzi mkali kuliko wote, hata mgeni akiinua mfupa alikuwa anakohoa kwa nguvu.

Hapa ndipo jaribio la chakula hushindwa katika nyumba nyingi. Mbwa hali kwa mtu mmoja. Anakula kwa mtoto, kwa msaidizi wa nyumbani, kwa jirani, kwa mlango wa nyuma wa bucha. Mmoja asipokubali, kazi ya wote imepotea. Daktari aliongeza wiki mbili kufidia ile supu, na Simba akawa hatoki nje ya uzio bila kamba.

Sasa hesabuni. Walianza mwanzoni mwa Novemba. Wiki nane zenyewe zilikuwa zinaifikia Krismasi, na mbili za nyongeza zikaivuka, na mnajua Krismasi Kilimanjaro ilivyo. Watu wanapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, magari yanapangana hadi barabarani, kila nyumba inachinja. Mifupa kila mahali, na kila mjomba anataka kuwa rafiki wa mbwa.

Baraka ndiye aliyeleta suluhisho. Alikata boksi, akaandika kwa herufi kubwa: NINA MZIO. USINIPE CHAKULA. NIPE POLE. Akamvisha Simba shingoni. Wageni walicheka, wakapiga picha, wakampa pole, na mifupa wakaibakiza kwenye sahani. Ulipoingia mwaka mpya Neema aliandika 2, na choo kilikuwa mara mbili kwa siku, kigumu kinavyotakiwa.

Kwa nini turudi nyuma?

Mngedhani hadithi imekwisha. Daktari akasema, "Sasa mrudishieni chakula cha zamani."

Neema alikaribia kulia. Amepona, kwa nini aumizwe tena? Daktari akaketi ngazini amweleze. Katika wiki zile mambo mengi yalibadilika. Viroboto walikwisha. Masikio yalitibiwa. Hali ya hewa iligeuka. Nani ajuaye kilichomponya ni kipi? Bila kurudisha chakula cha zamani, tutabaki tunakisia, na Simba anaweza kufungiwa kwenye sungura maisha yake yote bila sababu. Akiwashwa tena, tumejua. Kwa mbwa wengi mwasho hurudi ndani ya siku chache, na mara nyingi wiki mbili hazipiti.

Wakamrudishia. Siku ya nne, alama ilipanda hadi 6. Wakamrudisha kwenye sungura hadi akatulia. Sasa ikaja kazi ya kutafuta kilichomdhuru, chakula kimoja kimoja, kila kimoja hadi wiki mbili.

Ugali ulipewa nafasi ya kwanza. Wiki mbili, hakuna kitu. Mama akasema taratibu kwamba yeye hakuwahi kusema ni ugali. Wakajaribu dagaa. Hakuna kitu. Nyama ya ng'ombe: siku ya tatu Simba alianza kulamba miguu, siku ya tano sikio likawa jekundu. Wakaacha hapo hapo. Mhalifu alikuwa amepatikana.

Kisha wakajaribu maziwa, na hapo likatokea jambo la ajabu. Jioni ile ile Simba aliharisha, tumbo likinguruma. Lakini hakujikuna. Wakaacha, wakasubiri wiki mbili zote, wakitazama miguu na masikio. Hakujikuna hata kidogo.

Daktari aliposikia akafurahi, maana aliona mambo mawili tofauti ndani ya mbwa mmoja. Nyama ya ng'ombe ilikuwa mzio: mlinzi na king'ora chake. Maziwa yalikuwa yanamkataa tu, na mlinzi hakuhusika kabisa. Ndani ya maziwa kuna sukari iitwayo laktosi. Mtoto wa mbwa ana kimeng'enya cha kuikata, maana anaishi kwa kunyonya. Akiacha kunyonya, kimeng'enya hicho hupungua. Mbwa mzima akinywa bakuli la maziwa, sukari hiyo inateremka ikiwa nzima hadi utumbo mpana, inavuta maji, bakteria wanaichachusha, gesi inajaa, na mengine mnayajua.

Tofauti hii ina faida yake nyumbani. Chakula kinachomkataa mbwa ni suala la kiasi. Simba akilamba matone ya maziwa yaliyomwagika, hakuna neno, akinywa bakuli ataharisha. Kwa mzio, kipande kidogo cha babu kilitosha kuharibu wiki nzima. Na msichanganye mambo haya mawili na la tatu, ambalo ni sumu. Chokoleti, zabibu, vitunguu na peremende zisizo na sukari zenye zailitoli humdhuru mbwa yeyote, mwenye mzio na asiye nao.

Simba leo anakula ugali na dagaa, na bamia au majani ya maboga yaliyochemshwa, na daktari humpangia nyongeza ya madini. Sungura amebaki wa sikukuu. Mzio haujaondoka. Mlinzi bado ana daftari lake, na huenda akabaki nalo siku zote. Kilichobadilika ni kwamba yule anayemtia hasira hapiti tena getini.

Ila jambo moja msisubiri wiki nane. Mbwa akivimba uso ghafla, akatoka mabaka mwilini, akatapika mfululizo au akapumua kwa shida muda mfupi baada ya kula au kuumwa na nyuki, huyo ni wa kukimbizwa kwa daktari saa ile ile.

Na kama nyumbani kwenu kuna mbwa anayejikuna, msikimbilie bakuli. Anzeni na kitambaa cheupe chenye maji. Mwacheni daktari aondoe viroboto, upele na maradhi ya masikio. Ikifika zamu ya chakula, andikeni kila alichowahi kula, mchague pamoja na daktari kisichokuwa kwenye orodha, mkishike wiki nane, kisha mrudishe vya zamani kimoja kimoja huku mkiandika. Lakini kabla ya siku ya kwanza, iteni kikao cha nyumba nzima: baba, mama, wadogo, jirani mwenye mkono mwepesi, na hasa babu.